Nanga isiyo na bahari: dhana potofu kuhusu medali kuukuu za michezo ya baa Uingereza

Medali yenyewe ni ya madini ya fedha, tena ndogo, upana wake kama sarafu ya shilingi mia mbili. Niliipata kwenye gulio la Jumapili nje kidogo ya Leicester, imo ndani ya kopo la biskuti pamoja na vifungo vya makoti. Mbele ina shada la majani tu. Nyuma pamechongwa D.L. WINNERS 1937–38 na jina la mtu, ambalo nitamhifadhia mwenyewe. Chini kabisa, vidogo vya kutafuta kwa kioo cha kukuzia, kuna nanga, simba anayetembea, herufi M, na herufi mbili zaidi ndani ya kisanduku. Kila aliyeishika amenisimulia historia yake. Karibu zote zimekosea, ya kwangu ikiwemo.

"Ni ya askari wa majini, huoni nanga?"

Aliyeanza ni muuzaji, labda kwa kupandisha bei. Nanga hiyo ni chapa ya ofisi ya Birmingham ya kupima usafi wa dhahabu na fedha, mji ulio mbali na bahari upande wowote utakaoelekea. Zamani masonara wa Birmingham walilazimika kupeleka kazi zao Chester au London zikapimwe, mpaka Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa huko, alipolihangaikia Bunge na ofisi ikaruhusiwa mwaka 1773. Sheffield ilipata yake kwa sheria hiyo hiyo, ikachukua taji. Inasimuliwa kwamba taji na nanga zilitokana na jina la baa ya London, Crown and Anchor, walikokuwa wakikutana waombaji. Kama ni kweli, basi nanga ile asili yake ni baa, si merikebu.

Ukitaka kujua kama medali ni ya jeshi, anza na ukingo wake. Medali za Waingereza za Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kawaida zina namba, cheo na jina la askari ukingoni. Wa hii ni mtupu. Halafu kitanzi chake kimelika upande mmoja: ilining'inia kwenye mkufu wa saa ya mfukoni, juu ya kizibao, ikisuguana nao.

Na nanga haisemi kwamba mshindi alikuwa mtu wa Birmingham. Viwanda vya huko viliuza medali nchi nzima.

"M ni herufi ya jina la mshindi"

Hapa niliteleza mimi. Simba anathibitisha kwamba fedha ni safi kwa sehemu 925 kati ya 1,000. M ni mwaka. Birmingham ilibadilisha herufi kila mwaka, na enzi hizo ilibadilisha mwezi Julai, kwa hiyo M hii ilianza kugongwa Julai 1936. Lakini usikimbilie herufi peke yake: zikiisha huanza upya, na kinachotofautisha mzunguko mmoja na mwingine ni umbo la herufi na la kingao kilichoizunguka. Herufi mbili za kisandukuni ni za sonara au kiwanda kilichopeleka kazi ikapimwe.

Rafiki yangu akaruka: medali ya 1936 itashindaniwaje 1938? Bandia hiyo! Wala. Viwanda vilitengeneza medali kwa wingi, shada lile lile kwa mchezo wowote, zikakaa dukani zikingoja mnunuzi. Maneno ya nyuma yalichongwa ligi ilipozinunua. Chapa inakwambia fedha ilipimwa lini. Kombe lilichukuliwa lini, hilo ni la mchongaji. Ningeshtuka kama ingekuwa kinyume, maneno yawe ya zamani kuliko chapa.

"D ni ya vishale"

L ni ya league, yaani ligi, na kwa Kiingereza D ni ya darts, vishale, ndiyo, lakini ni ya dominoes, dhumna, pia. Mzee wangu mmoja wa Unguja, tunayecheza naye dhumna, aliitazama mara moja tu akasema, "Hii ya kwetu." Baa za Uingereza zilikuwa na ligi za dhumna, na bado zipo, kwa hiyo siwezi kumpinga. Shada la majani halisemi lolote. Jibu litatoka kwenye magazeti ya mtaa ya miaka ile, yaliyokuwa yakichapa matokeo ya ligi.

Kama ni vishale, mwaka unafaa. Wengi hudhani ligi za vishale zimekuwepo tangu enzi za wapiga upinde. Chama cha taifa cha vishale kiliundwa katikati ya miaka ya 1920 tu, na hata hapo ubao wa Yorkshire na wa Manchester ulikuwa tofauti na wa London. Mwaka 1937 Mfalme George VI na Malkia Elizabeth walirusha vishale walipotembelea Slough, malkia akamshinda mumewe, na magazeti yakafurahi.

"Una jina, nenda kwenye sensa"

Rahisi kusema. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kwa mtu wa 1938 kimbilio ni daftari la wakazi lililoandikwa tarehe 29 Septemba 1939, lenye majina, tarehe za kuzaliwa, kazi na anwani. Hata hivyo jina peke yake halitoshi. Majina ya Kiingereza yanajirudia kama akina Juma na Asha.

"Isugue kwanza ing'ae"

Mama alisafisha bangili zake kwa ukwaju, zikatoka zinameta. Bangili sawa. Chapa hizi zina kina cha unywele, na kila msuguo unazila. Nimeipangusa vumbi kwa kitambaa laini, nyeusi yake nimeiacha.