Utafiti wa uzamivu katika fizikia ya kwanta ya kikompyuta ni kitu gani?

Hapa Mwanza mtu akisema ni mtafiti, wengi humuwazia akiwa kwenye boti ya TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, anapima samaki, au amevaa koti jeupe hospitali ya Bugando anasubiri majibu ya sampuli. Sasa aje mwingine aseme anasomea shahada ya uzamivu katika fizikia ya kwanta ya kikompyuta. Hana wavu, hana sampuli, hana maabara. Kutwa yuko mbele ya laptop. Nyumbani huishia kusemwa kwamba "anasomea kompyuta". Si kweli, ingawa ukimtazama huwezi kuwalaumu.

Fizikia ya kwanta inaeleza mwenendo wa vitu vidogo mno: elektroni, atomu, molekuli. Mlinganyo wake mkuu ulichapishwa na Erwin Schrödinger mwaka 1926, na kwa sehemu kubwa ya maada tunayoishika kila siku unatosha kabisa. Miaka mitatu baadaye, 1929, Paul Dirac aliandika kwamba sheria zinazohitajika kwa kemia yote zimeshajulikana. Kilichobaki ni kwamba milinganyo inayotokana nazo ni migumu mno kutatulika. Fizikia ya kwanta ya kikompyuta ni kazi ya kukabiliana na ugumu huo kwa kutumia kompyuta. Nazungumzia kompyuta hizi za kawaida. Kompyuta za kwanta, zile zinazofanya hesabu kwa kutumia sheria za kwanta zenyewe, ni habari nyingine, japo Richard Feynman alipozipigia debe mwaka 1981 alikuwa anahangaika na ugumu huu huu.

Ugumu wenyewe ni wa kuhesabika. Chukua molekuli moja ya maji ya ziwa. Ina elektroni 10, na kila elektroni inahitaji namba 3 kusema iko wapi, jumla 30. Fankisheni ya wimbi, ambayo ndiyo jibu la mlinganyo wa Schrödinger, lazima itoe thamani kwa kila mpangilio unaowezekana wa namba hizo 30. Ukiamua kugawa kila mhimili katika pointi 10 tu, na huo ni mgawanyo wa kilegelege, utahitaji kuandika thamani zenye idadi ya 1 ikifuatiwa na sifuri 30. Mashine inayoandika thamani bilioni moja kila sekunde ingehitaji muda unaozidi mara 2,000 umri wa ulimwengu. Hiyo ni molekuli moja, wala haijaguswa tone.

Wanaochunguza sumaku wanaliona tatizo hilo kwa sura nyingine. Wao huhesabu spini, yaani visumaku vidogo ambavyo kila kimoja, kikipimwa, hukutwa ama kinaelekea juu ama chini. Kila spini unayoongeza inazidisha kazi mara mbili. Spini 20 zinakaa kwenye megabaiti 17 hivi za kumbukumbu, hata simu inaweza. Spini 30 zinataka gigabaiti 17, hapo laptop nyingi zinaanza kusalimu amri. Kwa spini 40 unahitaji terabaiti 17 na zaidi, na kwa 50 petabaiti 18. Kununua mashine kubwa zaidi kunakuongezea spini chache tu, basi.

Hapo ndipo utafiti unapoanzia. Kwa maoni yangu, mtafiti wa fani hii kazi yake hasa ni kuamua nini kitupwe katika hesabu, kisha athibitishe kwamba alichokitupa hakikuwa na uzito. Kompyuta inakuja baadaye.

Njia iliyofanikiwa kuliko zote ni ile ya kuangalia msongamano wa elektroni. Watafiti wa samaki wa ziwa letu hawamfuatilii sangara mmoja mmoja. Hutuma sauti chini ya maji, wakapokea mwangwi, wakajua samaki wamesongamana wapi na kwa kiasi gani. Pierre Hohenberg na Walter Kohn walionyesha mwaka 1964 kwamba kwa elektroni zilizo katika hali ya nishati ya chini kabisa, msongamano peke yake unatosha kuamua kila kitu kingine. Hapa ndipo samaki wanapoachana na elektroni, maana ramani ya msongamano wa sangara haikuambii kila kitu kuhusu sangara. Kwa ile molekuli ya maji, badala ya vipimo 30 unabaki na 3. Kwa mgawanyo ule ule wa pointi 10, thamani 1,000. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Jeu Sham wakaonyesha namna ya kulifanya wazo hilo hesabu ya kila siku, na mwaka 1998 Kohn akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na John Pople.

Lakini ndani yake kuna kipengele kimoja, kinachobeba jinsi elektroni zinavyokwepana, ambacho hakuna anayejua umbo lake kamili. Kila mtu anatumia makadirio. Makadirio ya kawaida, ukiyapeleka kwenye silikoni, ile ya paneli za sola zinazowasha taa Ukerewe, yanatoa pengo la nishati, yaani nishati inayohitajika kuifungua elektroni ili ipitishe umeme, la karibu nusu ya lile linalopimwa maabara, ambalo ni kama elektronivolti 1.1 (elektronivolti ni kipimo cha nishati cha vitu vidogo hivi). Kwa mtu anayetaka kubuni paneli mpya, kosa hilo ni kubwa. Kwa mwanafunzi wa uzamivu, kosa hilo ni mada.

Njia nyingine zipo. Ya Monte Carlo huokota mipangilio kwa bahati nasibu badala ya kuipitia yote. Inapokutana na elektroni, namba chanya na hasi huanza kufutana na jibu likazama kwenye kelele. Nyingine, aliyoianzisha Steven White mwaka 1992, hubakiza sehemu ndogo tu ya hali zote, zile zenye uzito, nayo hufanya maajabu kwenye minyororo ya spini. Spini zikipangwa kwenye uwanda wa pande mbili, inatoka jasho.

Sasa mwanafunzi anafanya nini siku nzima? Sehemu kubwa ni kujaribu programu yake mahali ambapo jibu linajulikana. Atomu ya haidrojeni lazima itoe nishati ya elektronivolti 13.6 hasi, isipotoa, hakuna haja ya kuendelea. Kisha anapunguza umbali kati ya pointi kwa nusu na kuangalia kama jibu linahama. Linahama? Anapunguza tena. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo watahini watakayoiulizia siku ya kutetea tasnifu, kwa sababu grafu nzuri kila mtu anaweza kuchora.

Kuhusu kuifanya ukiwa huku ziwani: usajili na msimamizi kwa kawaida vitakuwa kwingine, Dar es Salaam au nje ya nchi. Hesabu zenyewe hazijali unakaa Nyegezi au Buzuruga. Programu kama Quantum ESPRESSO ni za bure. Faili la maagizo unalotuma kwenye seva ya mbali ni maandishi ya kilobaiti chache, bando la kawaida linatosha. Matokeo mazito unayaacha huko huko na kuchukua namba unazohitaji. Umeme ukikatika nyumbani, kazi iliyoko kwenye foleni ya seva inaendelea. Na tangu 2010 kuna shule ya Afrika ya mbinu hizi, ASESMA, inayozunguka nchi mbalimbali za bara.

Mwenye shahada ya kwanza ya fizikia anaweza kuionja kazi hii bila kuomba ruhusa ya mtu. Andika programu ya duara la spini zinazoathiriana kwa kanuni ya Heisenberg, kila spini ikigusana na jirani zake wawili tu na ikipendelea kuelekea kinyume nao, kipimo cha nguvu kikiwa 1. Spini 4 zinatoa nishati ya −0.5 kwa kila spini. Spini 10, −0.4515. Hans Bethe alipata njia ya kutatua mnyororo huu mwaka 1931, na jibu la mnyororo usio na mwisho ni −0.4431. Ongeza spini mbili mbili, chora grafu, tafuta kanuni inayotoka kwenye namba zako hadi kufika kwenye ile ya mwisho, na uandike kando ni spini ya ngapi laptop yako iligoma.