Je, wajua? Kwa nini Bethlehemu husherehekea Krismasi mara tatu

Kwenye chemsha bongo za msimu wa Krismasi, swali hili huwanasa hata wanakwaya wa miaka mingi: katika mji aliozaliwa Yesu, Krismasi huwa tarehe ngapi? Wengi hujibu 25 Desemba bila kusita. Jibu kamili ni tarehe tatu: 25 Desemba, 7 Januari na 19 Januari.

Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu mjini Bethlehemu liko mikononi mwa Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki na Waarmenia kwa pamoja. Mlango wake ni mfupi, mtu mzima hana budi kuinama ili aingie. Chini ya kanisa kuna pango, na sakafuni mwake nyota ya fedha yenye ncha 14, mahali panapoaminiwa kuwa ndipo alipozaliwa. Pango ni moja kwa wote. Wanachotofautiana ni kalenda.

Kisa kinaanzia kwa Juliasi Kaisari wa Roma. Kalenda yake, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK, ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, na robo hizo zikafidiwa kwa mwaka mrefu kila baada ya miaka minne. Hesabu nzuri sana kwa wakati ule, ila mwaka wa jua ni mfupi kuliko huo kwa dakika 11 hivi. Nani atazihisi? Lakini ndani ya miaka 128 hutimia siku nzima, na kufikia karne ya 16 kalenda ilikuwa imeachana na majira kwa siku 10, ukihesabu tangu mwaka 325, viongozi wa Kanisa walipoafikiana kuhusu Pasaka. Hapo tarehe ya Pasaka, inayotegemea majira, ikawa inavurugika.

Mwaka 1582 Papa Gregori XIII akakata shauri. Huko Hispania na Ureno watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Tena ikaamuliwa kwamba miaka inayofunga karne isiwe mirefu, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Ndiyo sababu mwaka 2000 ulikuwa mrefu, na 1900 haukuwa.

Makanisa mengi ya Mashariki hayakuipokea kalenda hiyo, na leo tofauti imefika siku 13. Kwa hiyo Waorthodoksi wa Bethlehemu hawakuihamisha Krismasi hata kidogo: kwao ni 25 Desemba ileile, ila kwetu huangukia 7 Januari. Hapa washindani huteleza wakidhani Waorthodoksi wote wako hivyo. Ugiriki na Romania husherehekea 25 Desemba ya kalenda mpya, na Ukraine iliifanya tarehe hiyo kuwa sikukuu yake rasmi mwaka 2023.

Waarmenia nao wameshika desturi ya kale zaidi. Wakristo wengi wa Mashariki hapo mwanzo waliadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa Yesu siku moja, 6 Januari, na Waarmenia hawakuiacha. Nchini Armenia huifuata kwa kalenda mpya. Wale wa Bethlehemu hutumia ya Juliasi, ndipo inapokuja 19 Januari.

Tarehe hizi nazo hazitadumu. Mwaka 2100 utakuwa mrefu kwa Juliasi lakini si kwa Gregori, na tofauti itakuwa siku 14. Wakibaki na kalenda ya Juliasi, kuanzia 2101 Waorthodoksi wa Bethlehemu watasherehekea 8 Januari, na Waarmenia wa huko 20 Januari.