Halloween na mbwa: nani anashika kamba?

Oktoba ikianza kuisha na Halloween ikikaribia, jioni ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kugonga nyumba hadi nyumba wakiomba pipi, wazazi wenzangu wanaoongea Kiswahili hapa Minnesota huja kliniki na swali moja: daktari, watoto wanataka kuzunguka na mbwa usiku wa Halloween, tumpeleke? Jibu langu huwanunisha watoto. Mbwa wengi wangependa zaidi kubaki nyumbani, chumba cha nyuma, mlango umefungwa na redio inaongea. Nasema mlango umefungwa kwa sababu jioni hiyo mlango wa mbele unafunguliwa kila dakika, na mbwa huchomoka.

Wapo wanaoweza kwenda, lakini. Ni yule aliyezoea watoto asiowajua, asiyevuta kamba, na ukimwita penye kelele anageuka kukutazama. Kama wako ndiye huyo, basi mtu mzima mmoja apewe kazi ya kamba na asipewe nyingine. Asishike simu, mfuko wa pipi wala mkono wa mtoto. Mtoto wa miaka tisa hana ubavu wa kumzuia mbwa wa kilo 30 aliyeshtuka. Kamba iwe ya kawaida, mita moja na nusu hivi. Zile zinazojikunja kwenye kibweta cha plastiki ziacheni nyumbani, gizani zinawatega watoto miguu. Ifungwe kwenye mkanda wa kifua. Mbwa akiogopa hurudi kinyumenyume, na mkanda wa shingo humvuka kichwani kama kofia. Kabla hamjatoka, hakikisheni pia namba ya simu iliyosajiliwa kwenye chipu yake, ile ya utambulisho iliyo chini ya ngozi, si ile mliyoiacha zamani.

Sasa jambo ninalobishana nalo na watu kila mwaka: mbwa haendi mlangoni. Watoto wapande barazani wagonge, mbwa abaki na mshika kamba kwenye njia ya waenda kwa miguu. Pale ngazini kuna watoto wamesongamana, bakuli la pipi lipo usawa wa pua yake, mwenye nyumba anafungua akiwa amevaa barakoa, na nyuma ya miguu yake huenda kuna mbwa mwingine anayelinda kwake. Hata mbwa mpole anaweza kung'ata hapo. Na sheria ya Minnesota haiulizi kama amewahi kung'ata kabla: akimuumiza mtu aliyetulia, ambaye hakumchokoza na yupo mahali anaporuhusiwa kuwa, mwenye mbwa analipa. Juu ya hapo mbwa huwekwa chini ya uangalizi siku 10 kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Wengi wetu tulikulia nyumba ambazo mbwa ni mlinzi wa uani, kwa hiyo hatukufundishwa kusoma uso wake. Mtazameni akifika kwenye yale mapambo ya Halloween, mazimwi ya plastiki yanayojazwa upepo na feni. Kwanza anafunga mdomo. Kisha anaganda, mguu mmoja juu, kichwa amekigeuza pembeni lakini jicho halitoki kwenye zimwi, mpaka weupe wake unaonekana. Analamba pua, anapiga miayo na wala hana usingizi. Msimvute amsogelee "azoee". Vukeni barabara, na akirudia mara ya pili, rudini naye nyumbani. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni siku hiyo, kwa hiyo mimi hushauri atoke saa kumi na moja, azunguke mtaa mmoja, arudishwe, watoto waendelee bila yeye.

Mavazi? Yakimziba macho, masikio au mdomo, mvueni. Kitambaa shingoni chatosha.

Kinachotuletea wagonjwa hasa ni mfuko wa pipi. Theobromini, kichangamshi kilichomo kwenye chokoleti, hukaa mwilini mwa mbwa muda mrefu kuliko kwa binadamu, na dalili huanza karibu miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Chokoleti ya maziwa ina kama miligramu 2 kwa gramu, kwa hiyo mbwa wa kilo 10 akila gramu 100 amefika hapo. Chokoleti nyeusi ni kali zaidi ya mara mbili. Ataanza kutapika, kuhangaika, moyo kwenda mbio. Dozi ikizidi, degedege. Zabibu kavu, ambazo wengine hugawa wakidhani zina afya, huweza kuua figo. Ninachokiogopa kuliko vyote ni jojo isiyo na sukari. Someni karatasi: ikiandikwa xylitol au birch sugar, majina mawili ya kitu kimoja cha kutia utamu badala ya sukari, sukari ya damu ya mbwa inaweza kuporomoka ndani ya nusu saa, na ini likafuata.

Akishakula, msimpe maziwa. Maji ya chumvi ndiyo kabisa msithubutu, yenyewe ni sumu. Msingoje dalili pia. Pigieni simu kliniki ya dharura iliyo karibu, au kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, 888-426-4435, saa yoyote, wanatoza ada. Mtaulizwa uzito wa mbwa, alichokula, kiasi gani na saa ngapi, kwa hiyo yaokoteni makaratasi ya pipi sakafuni na myahesabu. Yale yasiyoonekana huenda ameyameza, na hayo nayo huziba utumbo.