Mzee wako aanze na lipi? Maswali na majibu kuhusu afya ya wazee Nyanda za Juu Kusini

Kwa nini kila mzee apangiwe mambo yake? Si ushauri ni ule ule, ale vizuri na afanye mazoezi?

Ushauri ni ule ule, ila wazee si wale wale. Chukua babu wa Makete anayepanda na kushuka mlima kila siku kwenda kwenye viazi vyake. Huyo ukimwambia atembee nusu saa kwa siku atakushangaa, na ana haki. Shida yake huenda ni presha ambayo hajawahi kupima, na ulanzi (pombe ya mianzi) wa kila jioni.

Sasa mwangalie bibi aliyeletwa Mbeya mjini na wanawe ili apumzike. Kijijini alikuwa anapalilia, anachota maji, anakwenda jumuiya. Hapa Uyole anashinda kwenye kochi, dada wa kazi anamfanyia kila kitu. Baada ya muda magoti yanakaza, miguu inakosa nguvu, sukari inapanda. Watoto wanampenda kweli, lakini pumziko la namna hiyo linamdhoofisha. Mwacheni achambue mboga, afagie, aende dukani kwa miguu.

Marekani, katika jimbo la Washington, watafiti waliwafuatilia watu 172 wenye umri wa miaka 70 hadi 89 kwa miaka 2. Kundi moja walikaa na mshauri wakaangalia hatari za kila mtu (presha, sukari, usingizi, upweke, kutojishughulisha), kisha mhusika mwenyewe akachagua aanze na lipi. Kundi la pili walipewa maandishi ya elimu ya afya tu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliopangiwa mmoja mmoja walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya uwezo wa akili.

Tuanzie wapi?

Vipimo: presha, sukari, uzito, macho, masikio. Presha inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili yoyote, kwa hiyo "sijisikii vibaya" si kipimo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia siku nyingine, hiyo ni ya kutibiwa.

Halafu kaa naye umuulize ni kitu gani hataki kiondoke mikononi mwake. Mmoja atasema kwenda kanisani kwa miguu yake, mwingine kubeba mjukuu. Chagueni mambo mawili tu yatakayomsaidia kufika hapo. Mzee akipewa orodha ya makatazo kumi, atayaacha yote kabla ya mwezi kuisha.

Mama aliteleza msimu wa mvua uliopita. Tangu hapo anaogopa kutoka. Tumzuie?

Msimzuie. Kadiri anavyokaa ndani ndivyo miguu inavyozidi kulegea, na kuanguka kunakuja hata sebuleni. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba angalau siku 3 kwa wiki, na haya hayahitaji ukumbi. Wakati maji ya ugali yanachemka, ashike ukingo wa meza imara, ainue mguu mmoja, ahesabu hadi 10, abadilishe. Kisha akae kwenye kiti kisichoyumba, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, mara 5. Akishindwa, ashike kidogo. Wiki zijazo atapunguza. Siku za mwanzo mtu awe karibu naye.

Angalieni pia nyumba na njia. Kandambili kwenye utelezi wa udongo mwekundu ni hatari. Avae viatu vinavyoshika. Kama choo kiko nje, usiku awekewe kopo na tochi karibu na kitanda. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, maana baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla. Kikizidi, amwambie daktari.

Juni na Julai baridi inamtesa. Tunamwekea jiko la mkaa chumbani.

Liondoeni leo. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na watu hufa usingizini. Aote moto penye hewa ya kutosha, kisha alale na soksi, kofia na mablanketi.

Chakula je?

Vingi viko shambani. Ugali na viazi vyote ni wanga, kwa hiyo mwenye sukari asivijaze pamoja kwenye sahani moja. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Wazee wengi meno yamekwisha, wanaishia kwenye uji na chai, na misuli inapungua. Pondeni maharage yaliyoiva sana, mpeni yai, mtindi, dagaa waliosagwa. Na inaniuma kuona Rungwe na Njombe parachichi zote zinakwenda kwa mnunuzi, mwenye mti hali hata moja. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye viungo vya pakiti.

Baba ameacha dawa za presha. Anasema amepona.

Presha imeshuka kwa sababu ya dawa. Akiacha, itapanda tena, na kiharusi hakitoi taarifa. Kama zinamletea shida, arudi zibadilishwe. Dawa za kienyeji anazotumia azitaje kwa daktari bila kuona haya, na asiache za hospitali ili ajaribu nyingine.

Siku hizi hakai na wenzake, na anasahau. Ni uzee tu?

Msikimbilie kusema hivyo. Asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "umesemaje?", hujitenga, na kutosikia ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu. Masikio yapimwe, macho pia. Mtoto wa jicho anatibika kwa upasuaji. Lakini mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakimkwama, au akichanganyikiwa ndani ya siku moja, tafuteni gari mumkimbize hospitali saa hiyo hiyo.