Stensili ya Fudo: kinachopita kwenye matundu si wino

Wanaoanza kuchapa miungu walinzi wa Japani karibu wote wanaamini kwamba unakata mistari, unapaka wino juu ya matundu, kazi imekwisha. Sivyo! Katika katazome, yaani uchapaji wa Kijapani wa stensili na rojo, kinachopita kwenye matundu ni rojo la mchele, na kazi ya rojo ni kuzuia rangi isishike. Ukikata ndimi za moto zilizo nyuma ya Fudo Myoo, mlinzi wa Kibuddha mwenye upanga na kamba, zitatoka nyeupe, na Fudo mwenyewe atazama kwenye weusi.

Kata nafasi zilizo kati ya mistari. Mistari ibaki karatasi, tena yote ishikane. Hapo ndipo mboni ya jicho inapowatoa watu jasho: ukikata weupe pande zote, mboni inadondoka. Igusishe na kope la juu, na ule ukali wa Fudo utaongezeka. La sivyo, acha vidaraja vyembamba, bandika wavu wa hariri kwa laka, ndipo uvikate.

Rojo ni unga wa mchele wa kunata na pumba laini, takriban 2 kwa 3, pamoja na chokaa kidogo na chumvi. Loweka stensili kwanza, kisha vuta rojo kwa mwiko bapa. Likikauka, paka nyeusi iliyochanganywa na maziwa ya soya, iache ikauke kabisa, ndipo uoshe. Msimu wa ukavu usibane chumvi: rojo likipasuka, nyeusi hupenya kwenye nyufa, na hapo hakuna dawa.

Wengine husema eti mchoro ugeuzwe kama kwenye ubao wa kuchapia. Ubao hugeuza picha, stensili haigeuzi. Ukigeuza, Fudo atashika upanga kwa mkono wa kushoto, na huo ndio mkono wake wa kushika kamba.

Wala miungu hawa si mashetani. Sura kali ni ya mlinzi: Nio wawili, sanamu za walinzi wa lango kuu la Todaiji, Nara, wa mwaka 1203, wanalinda hekalu, mmoja kinywa wazi, mwingine amefumba.

Na si kila mzee mwenye macho makubwa kwenye picha za katazome ni mungu wa Kibuddha. Watanabe Sadao (1913–1996), mchapaji wa katazome na mwanafunzi wa bingwa wake Serizawa Keisuke, alikuwa Mkristo. Wazee wa picha zake ni watu wa Biblia.

Halafu acheni kukata stensili kwa karatasi ya manila. Inanyonya maji na kulegea. Tumieni washi, karatasi ya Kijapani, ya tabaka kadhaa iliyopakwa maji machungu ya tunda la persimoni. Hiyo huvumilia kulowekwa na kuoshwa mara nyingi.