Lady Gregory hakuwa mfadhili tu
Wengi humkumbuka Lady Augusta Gregory (1852–1932) kama mjane wa Coole Park, katika jimbo la Galway nchini Ireland, aliyewakaribisha na kuwafadhili waandishi wa kiume, hasa mshairi W. B. Yeats. Picha hiyo ina kasoro kubwa. Jumba la maigizo la Abbey Theatre lilipofunguliwa mjini Dublin tarehe 27 Desemba 1904, komedi ya Gregory, "Spreading the News", ilikuwa miongoni mwa tamthilia zilizoigizwa usiku huo. Na tamthilia "Cathleen ni Houlihan" ya mwaka 1902, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa kazi ya Yeats peke yake, kwa sehemu kubwa iliandikwa na Gregory, kama alivyolalamika, kwa upole uliopita kiasi nadhani, katika shajara yake mwaka 1925.