Neno ninalolitafuta kwanza ni "isipokuwa"

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kando ya magunia ya dagaa, nikisoma katiba ya kikundi cha akina mama wanaokopeshana. Walikuwa wameiandika wenyewe kwenye kaunta buku, kurasa nne za mwandiko mzuri, pembe zimelainika kwa mafuta ya samaki. Walitaka niipitie kabla hawajaenda kusajili. Kifungu cha sita kilisema: "Kila mwanachama ana haki sawa ya kukopa, isipokuwa wasio wenyeji wa Mwanza."

Niliuliza kimetoka wapi. Katibu akanijibu bila kusita: "Dada mwanasheria, hao wakishakopa wanapanda basi wanarudi kwao." Nikauliza nani aliwahi kukimbia na pesa. Kimya. Mwishowe wakamtaja mmoja aliyechelewesha marejesho miezi minne, naye ni mzaliwa wa Igogo, hapa hapa Mwanza.

Kwenye kundi lile, asiye mwenyeji alikuwa mmoja tu, mama aliyetoka Kasulu, mkoani Kigoma. Alikuwa amekaa palepale, anachambua dagaa, hakuinua uso.

Vijana wanaofuatilia habari za dunia kwenye simu huniuliza siasa kali za mrengo wa kulia zinazopanda Ulaya na Marekani zinataka nini hasa. Baada ya miaka mingi ya uwakili nawajibu hivi: zinataka hilo neno. Ni nadra kumsikia mwanasiasa wa aina hiyo akisema usawa ufutwe. Atausifu, kisha ataongeza nusu sentensi.

Tazameni Marekani. Katiba yao, kwa marekebisho ya mwaka 1868 yaliyokuja baada ya utumwa kukomeshwa, inampa uraia anayezaliwa kwenye ardhi yao. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Donald Trump alisaini amri ya kuwatoa kwenye haki hiyo watoto ambao mama yao yupo nchini bila kibali au kwa kibali cha muda, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Mtoto hajafanya lolote. Amezaliwa tu. Siku tatu baadaye jaji wa Seattle aliizuia kwa muda, na mabishano ya mahakamani yakaanza.

Ujerumani, Januari 2024, waandishi wa habari walifichua kikao kilichofanyika karibu na Potsdam, ambako watu wa mrengo huo, wakiwemo wanachama wa chama cha AfD, walijadili kuwaondoa nchini mamilioni ya watu wenye asili ya kigeni. Kwa maelezo ya waandishi hao, waliokuwa wakizungumziwa si wageni pekee, hata wenye uraia wa Ujerumani walikuwamo. Raia, isipokuwa. Mamia ya maelfu ya Wajerumani waliingia barabarani kwenye baridi kali kupinga. Hata hivyo, Februari 2025 AfD ilipata asilimia 20.8 ya kura za uchaguzi wa bunge na kushika nafasi ya pili. Nayataja yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Wala tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa wazungu. Ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka.

Lakini neno hilo linaweza kung'olewa, na Mwanza tunajua. Tangazo la sheria za mila za urithi la mwaka 1963 lilisema wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo; hiyo wataitumia tu, hawataiuza. Mwaka 1988 mama mmoja wa Muleba aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Mwanaume wa ukoo wake akamshtaki. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu hapa Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kizuizi kile kinapingana na Katiba: mwanamke anauza kwa masharti yale yale anayouzia mwanaume. Wakati huo orodha ya ubaguzi kwenye Ibara ya 13 haikuwa hata na neno jinsia. Liliingizwa mwaka 2000. Jaji hakulisubiri. Nilipoisoma hukumu ile nikiwa mwanafunzi, niliirudia mara tatu usiku mmoja.

Vita haikuishia hapo. Wajane wawili wa Shinyanga walipinga sheria za mila za namna hiyo hiyo, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kuwa zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta.

Nawarudisha Mwaloni. Niliwasomea Ibara ya 12 ya Katiba ya nchi: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Nikawaomba wanionyeshe isipokuwa iko wapi. Hilo peke yake halikutosha, na sikutegemea litoshe, maana hofu yao ni ya kweli: pesa ikipotea, watoto hawaendi shule. Wanasiasa wale nao hawabuni hofu. Wanaikuta, ya kodi ya nyumba au ya ajira, wanaitundika kwenye shingo ya mtu asiye na watu wa kumtetea. Kwa hiyo nikauliza: tufanyeje pesa isipotee, akikopa yeyote? Hapo maneno yakaanza kumwagika. Mama mtu mzima kuliko wote akasema wadhamini wawili, kwa kila mkopo, hata mwenyekiti.

Mama wa Kasulu ndipo akainua uso. "Mimi nanunua hisa kila Jumamosi kama ninyi," alisema. Basi.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Kumi na nne walitaka mstari ufutwe, tisa ubaki. Katibu aliukata kwa rula, akaandika cha wadhamini juu yake, lakini yeye alikuwa miongoni mwa wale tisa. Jumamosi narudi. Nimewaomba hao tisa tukutane mapema, kabla magunia hayajaanza kupakiwa.